Kuhakiki si Dhana Mbaya



Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6 inatuamuru kuichunguza habari inayoletwa na fasiki, na aya ya 12 inatukataza kudhaniana vibaya. Amri hizi mbili zinakaaje katika moyo mmoja? Nitajaribu kujibu kwa kutumia kichupa kidogo cha maabara: kingamwili ya utafiti.

Kingamwili hii ni shahidi. Hupatikana kwa kumchanja sungura au mbuzi protini fulani, au, tangu kazi ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975, kwa kukuza seli za aina moja zinazoitengeneza. Mtafiti huiweka kwenye sampuli. Rangi au mstari ukitokea, husema protini anayoitafuta ipo. Hajaiona kwa macho. Amepokea ushahidi.

Na shahidi huyu hukosea. Kuna kipokezi cha erithropoietini, protini iliyo juu ya seli na inayopokea amri ya homoni ya kutengeneza chembe nyekundu za damu. Tafiti kadhaa zilisema kipo katika uvimbe wa saratani. Hofu ikaongezeka: mgonjwa wa saratani mwenye upungufu wa damu akipewa homoni hiyo, je, hatuulishi uvimbe? Mwaka 2006 Steve Elliott na wenzake walizijaribu kingamwili zilizokuwa zikitumika, wakakuta moja, C-20, inashika protini nyingine, HSP70. Elliott mwenyewe alifanya kazi Amgen, kampuni iliyouza homoni hiyo. Kwa hiyo naye alistahili kuhakikiwa.

Wanazuoni wa Hadithi waliyajua haya zamani. Walimpima mpokezi kwa uadilifu wake na kwa uthabiti wa kuhifadhi kwake. Mcha Mungu aliyechanganya maneno aliweza kuitwa dhaifu bila kuhesabiwa mwongo wa makusudi. Kingamwili nayo haidanganyi, huchanganya.

Mimi ni mtoto wa Nakivale. Sisi wakimbizi tunajua uchungu wa kusimulia habari zako mara ya tatu mbele ya afisa ambaye uso wake umeshaamua. Kuulizwa peke yake hakuumi. Kinachouma ni swali lisilokubali jibu lolote. Hiyo ndiyo dhana mbaya. Anayehakiki kwa haki hutaja mapema jibu litakalomridhisha. Maabarani huchukua seli zilizoondolewa jeni ya protini ile: mstari ukibaki, shahidi ameanguka, ukitoweka, ushahidi wake unapokelewa. Na kipimo hicho hukitumia hata kwa matokeo yanayomfurahisha.

Mwanafunzi wa Mbarara atasema: seli hizo ni ghali, na tarehe ya kuwasilisha tasnifu imekaribia. Ni kweli. Lakini damu tunayoipima ni amana ya mgonjwa aliyenyoosha mkono wake akituamini. Jibu la uongo litamfikia yeye au mwanawe, likiwa limevaa joho la sayansi. Usipoweza kuhakiki, andika wazi kwamba hukuhakiki. Sentensi hiyo haigharimu hata shilingi moja, na msomaji atajua aegemee wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie moyo unaouliza bila kudharau, na ulimi usioshuhudia usichokijua. Amin.