Sulhu ni Baada ya Kukiri: Maneno juu ya Madeni, Mapatano na Mufilisi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetuhalalishia biashara na kutuharimishia riba. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu! Limeenea kwetu jambo ambalo nje yake ni kheri, na ndani yake mara nyingi imefichwa dhuluma. Watu wawili wakigombana juu ya deni au bei au sharika, huitwa wazee barazani baada ya Alasiri. Hutolewa kahawa, husomwa Fatiha, kisha mdai huambiwa, "Wewe punguza nusu," na mdaiwa huambiwa, "Wewe toa nusu, yaishe." Watu hutawanyika wakisema pamefanywa sulhu. Je, hiyo ndiyo sulhu ya sharia? Wala sisemi haya kwa kuwacheka wazee, kwani nimekaa katika baraza kama hizo miaka mingi, na kosa nitakalolieleza nililitenda mimi mwenyewe.

Sulhu yenyewe haina shaka. Katika Surat Nnisaa, aya ya 128, Mwenyezi Mungu ameisifu kuwa ni kheri. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya Kaab bin Malik alipomdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya msikiti wa Madina, hata sauti zao zikapanda. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwake. Akafunua pazia la chumba, akamwita Kaab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Kaab akaitikia papo hapo. Kisha Mtume akamgeukia yule mwingine, akamwamuru ainuke akalipe.

Itazameni khabari hii vyema. Hapakuwa na kukanusha. Mwenye deni hakusema, "Huniwii kitu." Ugomvi ulikuwa ni juu ya kulipa, si juu ya kuwako kwa deni. Tena yule aliyepunguza alipunguza kwa radhi yake, na yule aliyepunguziwa hakuambiwa aende zake, bali aliamrishwa alipe nusu iliyobaki.

Ndipo maimamu wetu wa Kishafii wakasema, na Imam Nawawi ameyaandika katika Minhaj, kuwa sulhu pamoja na kukanusha ni batili. Abu Hanifa na Malik na Ahmad wameijuzisha, nao ni maimamu wa haki, hatuwasemi ila kwa wema. Lakini sisi twajiita Mashafii, na wengi wetu twaitenda sulhu hiyo bila kujua kuwa katika madhehebu yetu haisihi. Mdaiwa akikana, kisha akatoa nusu "ili yaishe," basi ikiwa mdai ni mkweli, nusu iliyobaki haikuondoka katika shingo ya mwenzake. Na ikiwa ni mwongo, alichokipokea ni haramu juu yake, hata kama wazee kumi waliinua mikono wakaitikia Amin. Njia ni moja: kwanza ukweli, yaani kukiri au mashahidi au kiapo; kisha ndipo upole.

Na lipo lingine ambalo wafanya biashara huliingia kwa wepesi. Mtu awia shilingi 1,000, na ajali yake haijafika. Amwambia mwenzake, "Nipe 500 leo, tumeishiana." Sulhu hiyo nayo ni batili kwetu, kwani mia tano zimeachwa kwa kununuliwa muda. Ama mwenye deni akilipa mapema kwa hiari yake, na mwenzake akamsamehe kwa hiari yake pasipo sharti, hapo hapana ubaya.

Sasa tuje kwa mufilisi. Huyu ndiye ambaye madeni yake yaliyofika wakati yameishinda mali yake. Wawia wakitaka, kadhi humzuilia asiitumie mali yake, akaiuza, akawagawia kila mtu kwa kadiri ya deni lake. Mathalan mali yake imefika 300 na madeni yake ni 600. Mwenye kudai 400 atapata 200, na mwenye kudai 200 atapata 100. Hapana haki ya yule aliyewahi kufika dukani usiku akabeba robota. Ila aliyemuuzia mali kauli, akaikuta bidhaa yake ile ile haijalipwa kitu wala haikutiwa rehani, huyo ana haki ya kuuvunja uuzaji na kuirudisha mali yake, na hadithi ya jambo hili ni sahihi.

Nyumba yake huuzwa, ijapokuwa yuaihitaji. Huachiwa chakula cha siku ile ya kugawa, yeye na anaowalisha, na nguo zimfaazo: kanzu, suruali, kilemba na viatu. Asivuliwe kilemba chake, ndugu zangu! Na ikithibiti kuwa hana kitu, kwa mashahidi wanaoijua hali yake ya ndani, si ya mlangoni tu, basi ni haramu kumfunga, na ni haramu kumwandama njiani na msikitini. Aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamrisha angojwe mpaka apate wasaa, na ikasema kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Ama tajiri anayechelewesha na huku anacho, huyo Mtume amemwita dhalimu, wala asijifiche nyuma ya aya hii.

Mtauliza: tutampata wapi kadhi wa mambo haya? Kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa kadhi hali za mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Mali kauli na kufilisika havimo. Lakini kifungu cha 159 kimetaka mahakama zihimize mapatano na usuluhishi, na Sheria ya Usuluhishi ya 1995 imewaruhusu watu kumchagua mwamuzi wao kwa makubaliano ya maandishi. Hii yakaribia tahkimu ya vitabu vyetu: watu wawili humridhia mtu mwenye elimu ya kuhukumu, kila mmoja aweza kurudi kabla ya hukumu, hukumu ikishatoka, haingojei tena radhi ya yeyote. Basi mnapoandikiana akdi za biashara, litajeni jina la mwamuzi mngali mnapendana.

Nami nilikuwa mwamuzi mbaya. Mtu mmoja alimdai mwenzake bei ya bidhaa, mwenzake akakana. Hakukuwa na mashahidi, na Magharibi ilikuwa yakaribia. Badala ya kumwapisha mwenye kukana, nalimbana mdai achukue thuluthi, na aliposita nikamwambia mbele ya watu kuwa hana huruma. Akachukua. Miezi ikapita, nikawa nawasomesha wanafunzi mlango wa sulhu, na ulimi wangu ukakwama juu ya neno lile la kukanusha.

Nalikwenda kwake usiku, nikamwambia haki yake haijaondoka. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Sheikh, fedha nalikwisha zisahau. Sikusahau kuitwa sina huruma."

Tukamwita yule mwingine peke yake, pasi na baraza wala kahawa. Nikamuuliza neno moja tu: wawiwa au huwiwi? Akainamisha kichwa, akakiri. Ndipo mdai, pasina mimi kufungua kinywa, akamsamehe nusu ya iliyobaki, na akamwahidi kumngojea mpaka mwisho wa Mfunguo Tatu. Nikawaeleza kuwa kungoja huko ni ahadi tu, kwani deni lililofika wakati wake haligeuki kuwa la ajali kwa sulhu. Akasema, "Najua, na nitaitimiza." Tukaandika, wakashuhudia watu wawili.

Na ijumaa iliyofuata nilisimama pale pale barazani, mbele ya wale wale, nikamtaka radhi.

Wallahu aalam.