Njia Rahisi kwa Nani?

Huko Ubelgiji, karibu na mji wa Dinant, mto Meuse unapita chini ya miamba mirefu ya mawe ya chokaa. Mahali pale panaitwa Freyr. Mwamba unaopita mingine kwa urefu unafika karibu meta 120. Siku za mapumziko watu hufika pale na kamba begani, wake kwa waume, wazee kwa vijana, wakaipanda miamba ile kwa mikono na miguu yao. Hawatafuti asali huko juu, wala mayai ya ndege. Wanapanda kwa sababu wanapenda kupanda, na jioni wanarudi kwao.

Mara nyingi kati yao yuko mmoja ambaye hajapanda mwamba tangu kuzaliwa. Ameletwa na rafiki aliyezoea. Rafiki amemwambia: «Usiogope, leo tutapita njia rahisi.» Juu ya neno hilo tunataka kufikiri pamoja nanyi. Tunauliza hivi: mtu anayejua ana deni gani kwa mtu asiyejua, akimpeleka mahali ambapo kosa moja laweza kumwua?

Kwanza tufahamu neno lenyewe. Wapandaji wa nchi ile hupima njia za miamba kwa namba. Namba 3 na 4 ni za wanaoanza. Namba 8 na 9 ni za mabingwa wachache. Lakini namba hizo zapima ugumu wa kupanda, hazipimi hatari. Njia rahisi ni rahisi kwa sababu mwamba umelala kidogo, tena una vidaraja vingi vya kuwekea mguu. Lakini mtu akianguka pale kamba yake ikiwa imelegea, vidaraja vile vile vitampiga. Kwenye mwamba mgumu ulioinama mbele, mara nyingi anayeanguka hugusa hewa tu, na kamba humshika. Tena njia rahisi zimepitwa na miguu ya watu wengi kwa miaka mingi, hata jiwe limelainika, linateleza kama sahani. Basi tusichanganye maneno mawili: rahisi ni neno moja, salama ni neno lingine.

Wengi wetu tunalijua jina la Mfalme Albert I wa Ubelgiji. Mji wa Kalemie zamani uliitwa Albertville kwa jina lake. Mfalme yule alikuwa mpandaji hodari, aliyezoea milima ya Alpes miaka mingi. Tarehe 17 mwezi wa pili mwaka 1934 alikwenda kupanda peke yake kwenye miamba ya Marche-les-Dames, karibu na mji wa Namur, kando ya mto ule ule wa Meuse. Usiku walimkuta chini, amekwisha kufa. Alikuwa na miaka 58. Miamba ile ilikuwa midogo mbele ya milima aliyokuwa ameipanda. Mwamba hausomi vyeo, wala haukumbuki ushindi wa jana. Kama ni hivyo kwa bingwa, mgeni je?

Labda mtu atajibu: «Mgeni amekuja kwa hiari yake. Ni mtu mzima. Sisi hatukumvuta kwa nguvu.» Jibu hilo lina kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Hiari yahitaji maarifa. Mgeni hawezi kujua kama fundo ni zuri au baya. Hajui kama pete ya chuma iliyo juu imeshika sana. Ni kama mgeni anayevushwa ziwa Tanganyika: anaona maji yametulia, lakini hajui upepo wa saa ile watoka wapi. Basi anaposema «ndiyo, twende», amekubali nini? Hakuukubali mwamba, maana haujui. Amemkubali rafiki yake. «Ndiyo» yake yote imesimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayebeba mzigo wake.

Kutoka hapo twaweza kuona madeni matatu.

La kwanza ni kuchagua njia kwa macho ya mgeni. Kiongozi mwema hatafuti njia itakayompendeza yeye. Anachagua mwamba mfupi, anaifunga kamba juu kwanza. Kamba yatoka kiunoni mwa mgeni, yapanda mpaka juu, yarudi chini mikononi mwa mwenzake. Mgeni akiteleza, haendi mbali. Tena kiongozi anahesabu: kamba ya meta 60 hupanda na kushuka, kwa hiyo haifai kwa mwamba unaopita meta 30. Na mwisho wa kamba anaufunga fundo, isije ikaponyoka mikononi.

La pili ni kusema kweli. Asiseme «hapa hakuna hatari». Aseme: «Hatari ndiyo hii, na kinga yake ndiyo hii.» Kabla mguu haujaondoka chini, wawili hukaguana: mkanda wa kiunoni, fundo la nane, kofia ngumu, na chombo cha kushikia kamba. Kiongozi asimkague mgeni tu. Amfundishe mgeni naye amkague kiongozi. Mwenye kiburi huona haya kukaguliwa na mwanafunzi wa siku moja. Mwenye hekima hufurahi, maana macho manne hupita mawili.

La tatu ndilo gumu: kumwacha arudi. Mgeni amefika meta tano. Ameukumbatia mwamba kwa nguvu zote za mikono, ambapo miguu ndiyo ingembeba. Magoti yanatetemeka kama cherehani. Anasema: «Nishushe.» Chini watu wanacheka, na mmoja anapiga kelele: «Panda, bado kidogo!» Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kumtia moyo aliye na shaka ni vizuri. Lakini akiomba kushuka, ashushwe mara moja, bila dhihaka. Maana amempa mwenzake imani yake. Tusiigeuze imani ile kuwa gereza.

Wengine watasema: «Kama deni ni kubwa hivi, afadhali mgeni abaki nyumbani.» Sisi hatukubali. Mwaka 1889 padri mmoja wa Italia, Achille Ratti, alipanda Monte Rosa kwa upande wa Macugnaga, pamoja na padri mwenzake Luigi Grasselli na viongozi wa milima. Usiku uliwakuta juu sana, karibu na kilele cha meta 4,634. Wakakaa macho kwenye ukingo wa jiwe mpaka asubuhi, wakilindana na baridi. Padri yule akawa Papa Pio XI mwaka 1922. Katika maandiko yake juu ya milima alitetea wazo kwamba mpandaji wa kweli huongozwa na busara, wala si ujasiri wa bure. Hofu iliyofundishwa vizuri humfaa mtu maisha yake yote. Mtu asiyepelekwa popote hataifundisha kamwe.

Lakini tutajuaje kama kiongozi amelipa deni lake? Wengi hutazama kilele: mgeni amefika juu, basi kazi imekwisha. Sisi twaona alama nyingine. Siku ile mgeni atakapotazama fundo la kiongozi wake na kusema bila woga, «Hapana, fungua, funga tena,» siku ile kazi imefanikiwa. Tangu hapo «ndiyo» yake ni yake mwenyewe, kwa sababu ameweza kusema «hapana».

Wasomaji wapenzi, wachache kati yetu watashika kamba za Freyr. Lakini fundi anaye mwanafunzi wake, mwenye mtumbwi anao abiria wake, mkubwa anaye mdogo wake. Kila mara tunapomwambia mtu «jambo hili ni rahisi», tujiulize kwanza: rahisi kwa nani?