Chuma chenye Jina, Mtu mwenye Namba

Kukipa kitu jina ni kukiri kwamba siku kitakapopotea, kitatafutwa. Na tuianzie hoja yetu hapo.

Baina ya 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliunda vichwa 34 vya garimoshi vya daraja la 59 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250. Katika njia za reli za upana wa mita moja, hapakuwa na kichwa cha mvuke kilichovishinda kwa nguvu. Vilivuta shehena baina ya Mombasa na Nairobi, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa nchi zetu. Viwili vimesalia, navyo vyote vina majina ya milima ya Tanzania: Gelai na Shengena. Gelai kimo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Sasa tugeukie nyanda za juu za Kigoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaipita nchi ya Waha kwa kusini. Vijana wa Kasulu na Kibondo, ambako ndiko iliko Kumsenga, waliteremka kuifuata, wakachukuliwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba, kwani kila mmoja alitambuliwa kwa namba.

Vichwa vya daraja la 59 sivyo vilivyowachukua. Lakini zama zilikuwa zile zile, na utawala ule ule: chuma kilipewa jina la mlima, mwana wa mlimani akapewa namba.

Je, basi, ni kosa kukihifadhi chuma? Hasha. Chuma hakina dhambi, na ndani yake mna jasho la mafundi na madereva wetu. Ila kuhifadhi ni kuchagua, na anayechagua hana budi kujiuliza lipi halingojei. Kutu husuguliwa hata baada ya miaka thelathini, chuma kikang'aa. Kumbukumbu ya mzee haisuguliki akishazikwa.

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Kweli, lakini sharti kwanza liwepo wa kulitaja. Wajukuu wa manamba wangalipo, na baadhi ya wazee pia. Deni hili halihitaji jengo wala tikiti ya kiingilio. Lataka mtu aketi, aulize jina, aliandike.