Kisichoonekana Bado Kipo

Mwaloni, mahali wachimbaji wadogo wanapooshea mchanga wa dhahabu, hakuna mizani ya maabara. Kuna karai, maji na mikono. Mawe yaliyosagwa kwenye karasha humiminwa karaini, mwoshaji akazungusha, akainamisha kidogo, tope likamwagika ukingoni. Mchanga mwepesi huondoka na maji. Chini hubaki mstari mweusi wa mchanga mzito na, Mungu akijalia, vumbi la njano pembeni yake.

Kazi hiyo, inayojulikana sana katika ukanda wa Nyamongo, Gorong'a na maeneo mengine ya Tarime nchini Tanzania, ni somo zima la densiti. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1; ya kwatzi, jiwe jeupe linalobeba dhahabu, gramu 2.65, ya dhahabu yenyewe, gramu 19.3. Chupa ya lita moja ya maji mtoto huibeba kwa mkono mmoja. Ingejazwa dhahabu, ingepita kilo 19. Ndiyo maana chembe ndogo ya dhahabu hutulia chini huku chembe ya mchanga iliyoizidi ukubwa ikisombwa.

Sisi binadamu tumezoea kupimana kwa nafasi tunayojaza: sauti kubwa, nyumba kubwa, jina kubwa. Densiti ina swali jingine: katika nafasi hiyo uliyojaza, mna nini? Mtu mnyamavu anayetimiza ahadi zake ana uzito ambao msafara wa magari hauwezi kumpa mwingine.

Hata hivyo, dhahabu iliyo laini mno humponyoka hata mwoshaji hodari. Hapo ndipo zebaki huingia. Ni metali, lakini katika joto la kawaida ni kimiminika. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 13.5, kiasi kwamba msumari wa chuma huelea juu yake. Dhahabu ikikutana nayo hunaswa, vikawa donge moja la rangi ya fedha. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, likawekwa kwenye kibati juu ya mkaa. Zebaki huchemka ikifika nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki hadi nyuzi 1,064. Moto huvitenganisha viwili hivyo: taratibu donge huacha weupe wake, likageuka njano.

Zebaki imekwenda wapi?

Wengi hujibu kwamba imeungua, imeisha. Haikuisha. Zebaki ni elementi, na moto wa mkaa hauwezi kuifuta duniani. Imetoka hali ya kimiminika ikaingia hali ya gesi, isiyo na rangi wala harufu. Anaivuta anayechoma, na mtoto anayecheza karibu, na mama mjamzito aliyeketi chumba cha pili. Huumiza ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Inayobaki hupoa, hutua juu ya bati na udongo, na mvua huweza kuisomba hadi mtoni. Ndani ya tope bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayojilimbikiza katika samaki. Na Mto Mara, unaoanzia Mau nchini Kenya na kupita Serengeti na Tarime, humwaga maji yake Ziwa Victoria.

Wajapani wa Minamata walianza kulionja hilo kwa machozi mwaka 1956, baada ya taka za kiwanda kuwarudia kupitia samaki wa ghuba yao. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 una jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Wahenga walisema, lisilokuwepo machoni na moyoni halipo. Kwa habari ya moyo wa binadamu huenda ni kweli. Kwa habari ya maada si kweli, na nadhani hata kwa habari ya matendo yetu. Neno la dharau aliloambiwa mtoto darasani mbele ya wenzake haliishi kengele ikilia. Hugeuka woga, kisha ukimya, kisha utoro. Wema nao haupotei, hata kama aliyeutenda hakuwahi kuona ulikoishia.

Faraja ni kwamba kinachobadilika hali chaweza kurudishwa. Mvuke wa zebaki ukipitishwa katika chombo kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji, hurudi kimiminika, ukakusanywa ukatumika tena. Walimu wa sayansi wa Tarime na Serengeti, fundisheni hali za maada kwa mfano huu, maana baadhi ya wanafunzi wenu huenda wanalala kwenye nyumba ambamo dhahabu huchomwa. Nawe mwanafunzi, ukiambiwa kitu kimeisha, uliza kimekwenda wapi. Na anayechomea zebaki jikoni kwake aambiwe leo hii: haijaisha, imo humo ndani pamoja na watoto.