Kungoja Saa ya Mungu



Wengi wenu mnauliza moyoni, hata kama mbele ya katekista mnanyamaza: Mbona Mungu anakawia? Nimeomba mtoto, sijapata. Nimeomba ubatizo, naambiwa ningoje mwaka mwingine. Ikiwa Mungu anipenda, mbona hanipi leo? Swali hilo si dhambi. Mtoto humwuliza baba yake bila hofu, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Basi na tulitazame pamoja, tupate kujua kungoja kwa Mkristu ni nini, na si nini.

Tuanze na jambo mnalolijua vema. Mama aking'oa mihogo michungu shambani, haipiki siku ile ile. Huimenya, huitia majini, huiacha humo siku tatu au nne. Apitaye kando ya kijito haoni kazi yoyote: maji yametulia, mihogo imelala. Lakini ndani ya maji sumu inatoka kidogo kidogo, na muhogo uliokuwa mgumu unalainika. Je, mtu akizipunguza siku hizo kwa sababu ya njaa? Waganga wanaujua ugonjwa uitwao konzo, ambao umewapata watu wengi katika nchi yetu ya Kongo. Huwapoozesha miguu wale waliokula kwa muda mihogo michungu isiyoloweshwa vya kutosha, na miguu hiyo haiponi tena. Shamba ni lile lile, muhogo ni ule ule. Kilichokosekana ni siku chache za maji.

Hilo latufundisha jambo la kwanza: siku za kungoja si siku tupu. Ni siku za kazi isiyoonekana. Moyo wa mtu nao una uchungu wake, yaani kisasi, uwongo, wivu, hofu ya uchawi. Uchungu huo hautoki kwa somo moja. Kwa sababu hiyo Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba watu wajiandae miaka minne kabla ya kubatizwa. Leo muda si ule ule kila mahali. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliamuru ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, wenye hatua zake. Kanisa halifanyi hivyo kwa kuwadharau wanaoomba. Lataka mtu aingie katika maji ya ubatizo akijua anachokiacha na anachokipokea.

Sasa tumtazame Abrahamu. Maandiko Matakatifu yasema kwamba alitoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, akiwa na ahadi ya Mungu, na Isaka alizaliwa Abrahamu alipofika miaka 100. Miaka 25 ya kungoja! Katikati ya miaka hiyo Sara alichoka, akampa mumewe mtumishi wake Hagari, ili mtoto apatikane upesi. Mtoto alipatikana, lakini na ugomvi ukaingia nyumbani. Mwishowe ni nani aliyefukuzwa jangwani, akiwa na mkate na kiriba cha maji? Si Abrahamu, wala si Sara. Ni Hagari na kijana wake. Mungu aliwahurumia, akasikia sauti ya kijana. Nasi tutambue hivi: mara nyingi haraka yetu humwumiza mtu mwingine kuliko sisi wenyewe. Kijana anayetaka mali upesi akaiba, mzazi anayemwoza binti yake kabla ya wakati kwa ajili ya mahari, wote hao hulipisha wengine gharama ya haraka yao.

Lakini angalieni sana, ndugu zangu, maana liko kosa la upande wa pili. Wako wanaouita uvivu wao uvumilivu. Mtoto ana homa kali, na baba asema: "Tungoje mapenzi ya Mungu," wala hampeleki kwa muuguzi. Huko si kumtumaini Mungu. Mungu amekwisha kukupa miguu, na njia, na mtu ajuaye dawa; unangoja nini tena? Mkulima hungoja mvua, lakini hangoji jembe. Mvua ni kazi ya Mungu, na kulima ni kazi yake yeye. Asiyelima akingoja mavuno humjaribu Mungu.

Tena wako wanaowahubiria wengine uvumilivu kwa faida yao wenyewe. Tajiri hajalipa mshahara wa mtu aliyemfanyia kazi, na akidaiwa hujibu: "Vumilia, Mkristu huvumilia." Someni waraka wa Mtume Yakobo, sura ya tano. Mtume awafundisha waamini kungoja kama mkulima anavyongoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Lakini kabla ya kusema hayo, katika sura hiyo hiyo, awakemea vikali matajiri waliozuia mshahara wa wavunaji, na kusema kwamba kilio cha wavunaji hao kimemfikia Mungu. Basi anayedhulumiwa aweza kudai haki yake, bila chuki, na kungoja kwake hakuondoi deni la aliyemdhulumu. Tukitaka kumhimiza mwenzetu angoje, tujiulize kwanza kama kuna kitu tunachomnyima.

Kungoja kwema kunafananaje? Tazameni Wakristu wa Uganda. Mapadri walifika huko mwaka 1879, lakini mwezi wa Novemba 1882 walilazimika kuondoka, wasirudi hata Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa wala kitubio. Wabatizwa walikuwa wachache, na imani yao changa. Je, walikaa bure wakitazama ziwa? Hapana. Walikusanyika wakasali, wakafundishana katekisimu. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa mfalme, aliwaongoza wenzake ikuluni. Mapadri waliporudi walikuta watu wenye kiu ya ubatizo wakiwa wengi kuliko walipoondoka. Hawakuweza kumleta padri, kwa hiyo walimwachia Mungu jambo hilo. Waliweza kusali na kufundishana, hilo hawakuliacha.

Hapo labda mmoja wenu atauliza: Nami je, nikifa kabla ya siku yangu kufika? Swali hili ni zito, na Kanisa lina jibu. Mkatekumeni anayekufa akiutamani ubatizo kwa kweli, akitubu dhambi zake na kumpenda Mungu, hapotei. Tamaa yake njema humpatia wokovu, na Kanisa humzika kama mtoto wake. Tena mtu akiwa katika hatari ya kufa, kama padri hayupo, yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa maneno ya Kanisa. Mwaka 1886, huko Munyonyo, Kizito alikuwa mkatekumeni kama ninyi. Aliomba ubatizo mara nyingi, akaambiwa angoje. Saa ya hatari ilipofika, Karoli Lwanga alimbatiza yeye pamoja na Mbaga, Gyavira na Mugagga. Muda mfupi baadaye walitoa maisha yao kwa ajili ya Kristu. Siku za kungoja hazikumpotezea Kizito kitu. Alipoitwa, alikuwa tayari.

Lakini si kila ombi hupata jibu tulitakalo. Mwenye kuomba mtoto huenda asimpate. Tusimdanganye kwa kumwambia: "Mwakani bila shaka." Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso, na kikombe hakikuondolewa. Hata hivyo alijikabidhi mikononi mwa Baba, na siku ya tatu alifufuka. Basi tumaini la Mkristu halikutiwa katika tarehe fulani, wala katika kitu fulani. Limetiwa katika Baba asiyetuacha, akitupa au asipotupa. Anayemtumaini Mungu hivyo aweza kulia machozi, na bado anatumaini.

Kwa hiyo, ndugu mpenzi, kila jioni ujiulize mambo matatu. Je, kazi yangu ya leo nimeitimiza? Je, yuko mtu anayeteseka kwa sababu ya haraka yangu au uvivu wangu? Je, jambo lisilo katika uwezo wangu nimemkabidhi Mungu? Ukiona deni, lilipe. Ukiona ugomvi, upatane na mwenzako kabla ya somo lijalo. Kisha sali Baba Yetu, ulale kwa amani. Siku ya ubatizo wako Mungu aijua; kazi ya kesho ni yako, nayo yakungoja.