Bingo Isiyo na Ukumbi

Katika Kiswahili cha leo, mtu aliyejipatia fedha asizozitarajia huambiwa kwamba amepata bingo. Neno limesafiri mbali kuliko mchezo wenyewe. Walio wengi wanaolitamka hawajapata kushika kadi yenye namba kumi na tano, wala kuketi ukumbini wakimsikiliza mtangazaji akizitaja namba moja baada ya moja, kati ya 1 na 90. Huko Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1960 ilifungua njia kwa bingo ya biashara, majumba mengi ya sinema yaliyokimbiwa na watazamaji yaligeuzwa kumbi za mchezo huo, na wanawake wa familia za wafanyakazi wakapata mahali pa kwenda jioni bila ya kufuatana na mume. Baadaye kumbi nyingi zilifungwa. Wapo waliolaumu marufuku ya sigara ya mwaka 2007, na wapo waliolaumu mtandao. Katika bingo ya mtandaoni namba huteuliwa na programu, na kadi hujiweka alama yenyewe. Wenye biashara hiyo, kwa kujua walichokiondoa, wameongeza vyumba vya mazungumzo ili wachezaji waandikiane maneno. Mfano wa mtu aliyebomoa baraza ya nyumba kisha akauza picha yake.

Mbinga, katika milima ya Umatengo mkoani Ruvuma, si mji wa bingo, lakini safari ya kutoka ukumbini hadi mfukoni imepita huko pia. Kama kwingineko Tanzania bara, kamari ya kisasa ilikuja kwa sura ya dubwi, mashine imezayo sarafu ya shilingi 200 kwenye kona ya baa. Vikafuata vibanda vya kubeti, ambamo vijana huipanga mikeka yao ya mechi za Ulaya na kuomboleza pamoja inapochanika. Kisha mchezo ukahamia kwenye simu, kwani tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Haya yote yana ruhusa ya serikali. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003, na ina Bodi yake. Basi swali la sheria limekwisha. Swali la maadili halijaisha: kosa la kamari, kama lipo, limekaa wapi?

Kwa msomaji wa visiwani jawabu halina utata. Surat al-Maida imeiweka kamari pamoja na ulevi, tena imetaja sababu: hupanda uadui baina ya watu na huwazuia na sala. Mbinga, yenye jimbo lake la Kikatoliki tangu mwaka 1986, imelelewa na mafundisho mengine. Katekisimu hailaani mchezo wa bahati kwa asili yake, bali pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale anaowatunza. Hukumu zinatofautiana, lakini sababu zote mbili zinamtaja mtu wa pili, aliye kando ya mchezaji. Bahati peke yake haijashitakiwa.

Na nani angeishitaki mbele ya mkulima wa kahawa? Mwaka 1989 mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 soko likaachiwa wafanyabiashara binafsi. Na kwa miaka mingi bei ya jasho la Mbinga ilitajwa kwenye mnada wa Moshi, mbali na macho ya aliyechuma. Mtu huyu hubahatisha kila msimu. Hata hivyo, mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko mikali, ili maji yatuame na udongo usichukuliwe, ni kazi ya watu waliokataa kuiachia bahati kila kitu. Mwaka ukiwa mbaya, shamba hubaki. Mkeka uliochanika haubakishi hata kisiki.

Wamatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, mashauri yakasikilizwa na vijana wakafunzwa. Sengu haikuwa ukumbi wa michezo, lakini ilihakikisha kwamba hakuna anayeharibikiwa peke yake bila ya wengine kujua. Kibanda cha kubeti, kwa ubaya wake wote, kilibakiza chembe ya jambo hilo: aliyeonekana hapo siku tatu mfululizo, habari zake zilimfikia mjomba. Simu imekifuta kipande hicho.

Itapingwa kwamba kuogopa macho ya watu si uadilifu, na kwamba mashahidi wa baa humsukuma mchezaji mara nyingi kuliko kumzuia. Ni kweli. Itapingwa pia kwamba simu imempa mwanamke wa Mbinga uhuru ambao kibanda kilimnyima, maana akiingia huko angeitwa mhuni. Hili ni zito zaidi, ingawa uhuru wa kupoteza kwa siri ni zawadi ya ajabu. Lakini hoja ya macho haikukusudiwa kumfanya mchezaji awe mwema. Imekusudiwa kumlinda yule wa pili, ambaye hawezi kujitetea juu ya asilolijua.

Malipo ya kahawa yakiingia kwenye simu ya mume, mke aliyechuma naye huenda asijue kiasi wala saa. Fedha huweza kutoka usiku uleule, kidogo kidogo, bila ya mlango kufunguliwa. Januari, atakapoulizwa sare ya mtoto, mume atasema kwamba bei ilikuwa mbaya; na kwa kuwa bei ya kahawa mara nyingi huwa mbaya, ataaminiwa.