Nani Aulizwe Asili Yake?

Wako wanaosema ubaguzi utakwisha siku tutakapoacha kutajana kwa rangi na kabila. Wengine hujibu kwamba ukimnyima aliyeonewa jina lake, umemsaidia aliyemwonea. Mabishano haya huonekana ni ya Marekani au Afrika Kusini, lakini huku kwetu Tanzania, wilayani Hanang, yalifika mbele ya majaji.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ikisaidiwa na Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Shirika la umma la NAFCO likalima malisho ya Wabarbaig, wafugaji wa huko, na trekta zikapita hata juu ya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda kushtaki. Mahakama Kuu iliwapa ushindi; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Sababu mojawapo ni kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wazawa wa Afrika kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923.

Hebu tuitazame hoja hiyo. Mfugaji ambaye baba na babu yake wamezikwa papo hapo, miaka 24 baada ya uhuru, anaambiwa na mahakama ya nchi yake kwamba hajaleta ushahidi wa asili yake. Na lebo hiyo ya uzawa ilidaiwa kuwekwa ili kumlinda yeye na mila zake. Ikageuka mlango, na ufunguo wake hakuwa nao.

Haya hayakuanzia Mulbadaw. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika. Mpango huo uliitwa wa usawa wa rangi, ingawa Wazungu walikuwa wachache mno. Ndiyo maana mwaka 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufungamane na rangi, Nyerere alikataa kabisa, na serikali yake ikawa tayari kujiuzulu kwa ajili hiyo.

Je, basi tunyamaze? Tumejaribu. Baada ya sensa ya 1967, sensa zetu hazikuuliza tena kabila. Hata hivyo Mbarbaig aliendelea kuitwa Mmang'ati, jina alilopewa na wengine, na kusemwa kuwa mkali, mzururaji, adui wa maendeleo. Dharau hiyo haikuhitaji fomu ya serikali. Ilihitaji tu kwamba anapofukuzwa malishoni, asiwe na namna ya kusema kwamba amefukuzwa kwa kuwa ni Mbarbaig na ni mfugaji, wakati shamba la ngano likihesabiwa kuwa mali ya taifa zima.

Kwa hiyo swali la kutaja au kutotaja limekosewa. Jina la rangi au kabila hufanya kazi mbili tofauti. Likitumika kugawa haki, mnyonge ndiye anayebebeshwa mzigo wa kujithibitisha, hata pale lilipowekwa kwa nia njema. Likitumika kueleza dhuluma, mzigo unamhamia mwenye nguvu: aeleze kwa nini hasara yote imeangukia watu wa namna moja.

Mtu atasema huwezi kufidia kundi bila kulitambua. Ni kweli, lakini fidia hulipa kitendo kilichofanyika, nayo hukoma deni likiisha. Haki ya msingi haina mwisho, hivyo ikishafungwa kwenye asili, watoto wataulizwa, na wajukuu pia.

Sheria za ardhi za 1999 ziliweka uraia mahali pa uzawa. Hiyo ni hatua, lakini ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kumwacha raia huyo ataje kabila lake anapolalamika, bila kuambiwa analeta ukabila. Wa kuulizwa kwanza ni yule aliyechukua.